Urefu wa aya: maswali ambayo watu hawaachi kuniuliza

Kazi yangu ni kuhariri maandishi ya watu, insha, ripoti, hadithi, barua za kuomba kazi, na hili suala la aya linanirudia kila wiki kwa sura mpya kwahiyo nimeamua kuyaweka maswali yote sehemu moja. Nimeyapa namba ili nisirudie jambo moja mara kumi, ukiniona nimesema "rudi namba 5" we panda juu tu.

## Ya mwanzo mwanzo

1. Aya inatakiwa iwe na mistari mingapi?

Hakuna idadi. Najua jibu hili linaudhi, lakini mistari huwezi kuihesabu ukaitegemea maana inabadilika ukigusa saizi ya herufi tu, sasa hivi aya yako ina mistari sita, ukikuza herufi ina tisa na hujaongeza hata neno moja.

Ukinibana sana nikupe namba, nitakwambia maelezo ya kawaida mengi yanakaa vizuri kati ya maneno 40 na 150 kwa aya. Ila hiyo ni sawa na kumwambia fundi cherehani kwamba watu wengi wana urefu wa wastani, haitamsaidia kukata suruali ya mteja aliyesimama mbele yake.

2. Kwani aya ni nini hasa, si ni kuruka mstari tu?

Kuruka mstari ni alama yake. Aya yenyewe ni fungu la sentensi zinazofanya kazi moja. Nasema kazi, sisemi mada, na hapa ndo watu wengi wanapoteleza. Mtu anaandika ripoti ya kisima, anajiambia hii yote inahusu maji basi iwe aya moja. Sawa mada ni maji, lakini humo ndani kwanza anasimulia kisima kilivyokauka, afu anapiga hesabu ya kuchimba kingine, afu anaomba pesa. Hizo ni kazi tatu.

Kipimo ninachotumia mwenyewe: funika aya kwa mkono, jiulize ilikuwa inafanya nini, jibu kwa kitenzi kimoja. Inasimulia. Inahesabu. Inaomba. Ukijikuta unajibu "inasimulia halafu inaomba" basi ushapaona pa kukata.

3. Tuliambiwa shuleni aya lazima iwe na sentensi tano. Ni kweli?

Si kweli, ila aliyekuambia hakuwa na nia mbaya. Mwalimu mwenye rundo la madaftari ya kusahihisha anahitaji kitu anachoweza kuhesabu, na mwanafunzi mwenye tabia ya kuandika sentensi moja na kukimbia anahitaji kulazimishwa kuongeza maelezo, kutoa mfano, kuonyesha kwamba amefikiri. Kwa kazi hiyo kanuni inasaidia.

Shida ni pale mtu kamaliza shule miaka kumi iliyopita na bado anajazia. Kazi ya aya imeisha kwenye sentensi ya tatu, ya nne na ya tano zinarudia ya kwanza kwa maneno mengine. Huwa nazifuta kimyakimya na mara nyingi mwenyewe akisoma tena hata hagundui kuna kitu kimeondoka.

4. Hii desturi ya kugawa aya imetoka wapi?

Mbali sana. Wagiriki wa kale waliandika maneno yamebanana bila nafasi katikati, na mahali pa kubadilisha mzungumzaji au sehemu wakawa wanachora kamstari pembeni, wakakaita paragraphos, yaani kilichoandikwa kando. Baadaye waandishi wa Kilatini wakatumia herufi C ya neno capitulum, yaani sura, hiyo C ikapigwa mistari na kuchorwachorwa mpaka ikageuka hii alama ¶ ambayo bado unaiona kwenye programu za kuandikia ukiwasha alama zilizofichwa. Ilikuwa inaongezwa kwa wino wa rangi, mara nyingi mwekundu, na fundi wa rangi anakuja baada ya mwandishi kumaliza, kwahiyo mwandishi anamwachia nafasi. Wakati mwingine fundi haji. Nafasi inabaki tupu, na wengi wanaeleza kwamba huko ndiko ulikotoka mtindo wa kusogeza mstari wa kwanza ndani kidogo.

Sisi tukachukua neno letu kwenye Kiarabu, ambako aya maana yake ni ishara, na pia ndilo jina la kifungu cha Kurani. Halafu kanuni za kwamba aya iwe na jambo moja na sentensi ya kwanza ilitangaze, hizo ni za juzi tu ukilinganisha, msomi wa Uskoti Alexander Bain alizipanga kwenye kitabu chake cha mwaka 1866 na vitabu vya shule vimekuwa vikizirudia tangu hapo.

## Kukata na kuunga

5. Nitajuaje pa kukata?

Tuangalie mfano, maana kwa maneno matupu hatutafika. Huyu ni mpangaji anamwandikia mwenye nyumba:

"Paa la chumba cha nyuma limeanza kuvuja tangu Jumatatu, maji yanaingia kwenye kona ya dirisha na godoro limelowa mara mbili. Nilipanda kuangalia nikaona bati moja limeachia misumari. Mwaka jana pia lilivuja upande wa mbele ukaleta fundi akaziba. Kuhusu kodi ya mwezi huu naomba nilipe tarehe 10 badala ya tarehe 5 kwa sababu mshahara umechelewa. Pia namba ya yule fundi ninayo kama unaihitaji."

Soma taratibu uone pale kazi inapobadilika. Sentensi tatu za kwanza zinaeleza tatizo la paa. Ya nne ghafla inaomba muda wa kodi. Kwahiyo unakata kabla ya "Kuhusu kodi", na hata yeye mwenyewe alihisi kuna mpaka hapo ndo maana akaandika "kuhusu". Maneno kama kuhusu, kwa upande mwingine, tukija kwenye, sasa, siku iliyofuata, yakitokea katikati ya aya mara nyingi yanakunong'oneza kwamba aya mpya imeshaanza na wewe hujaruka mstari.

Sasa angalia sentensi ya mwisho. Ukishakata, ile ya namba ya fundi inabaki huko chini pamoja na kodi wakati ni ya paa. Lazima ipande juu ikakae baada ya "akaziba". Hilo ndo linanifanya nipende kukata, sentensi iliyokaa kwa watu wasio wake inaonekana mara moja, ilhali kwenye aya moja kubwa inajificha. Na ningekuwa mimi hiyo kodi ningeiandikia barua yake yenyewe, maana mwenye nyumba akisoma paa na kodi kwa pamoja anaweza kudhani unamtishia.

6. Aya yangu ni ndefu sana lakini kweli yote ni wazo moja. Nikate tu?

Kwanza hakikisha ni wazo moja kweli (kile kipimo cha kitenzi, namba 2). Ikithibitika ni moja, una njia mbili. Unaweza kuiacha. Hoja yenye ngazi nyingi, ambapo kila sentensi inasimama juu ya iliyotangulia, inaumia ukiikata katikati, msomaji anapumzika mahali ambapo hakutakiwa kupumzika na akirudi kashasahau alikuwa kwenye ngazi ipi.

Au unaikata kwenye kiungo. Karibu kila aya ndefu ina mahali inapogeuka, kutoka kusema hadi kuthibitisha, kutoka sababu hadi matokeo, kutoka jambo la jumla hadi mfano. Mfano mrefu unastahili aya yake. Kata hapo, afu aya ya pili ianze na neno linaloishika ile ya kwanza: hiyo, hapo, matokeo yake, mfano ni huu.

Usikate kwa sababu tu macho yamechoka. Macho yakichoka mara nyingi ni dalili ya sentensi nzito, na sentensi nzito ukiikata aya inabaki nzito vilevile.

7. Nimekata kila mahali sasa inasomeka kama orodha ya sokoni. Nimekosea wapi?

Umekata mpaka viungo. Ona:

"Betri ilizimika njiani.

Usiku kucha ilikuwa kwenye chaji.

Chaja ilikuwa mbovu.

Nimenunua nyingine."

Kila sentensi ni sahihi lakini msomaji ndo anafanya kazi yako ya kuziunganisha. Sasa iunge: "Betri ilizimika njiani ingawa usiku kucha ilikuwa kwenye chaji. Kumbe chaja ndo ilikuwa mbovu, kwahiyo nimenunua nyingine." Yale maneno matatu, ingawa, kumbe, kwahiyo, ndo yalikuwa yamepotea, na bila hayo huna maelezo una matukio manne yamepangwa foleni. Ukiona hati yako karibu kila aya ni sentensi moja, usianze kwa kufuta nafasi, anza kwa kutafuta ni "kwa sababu" zipi hujaziandika.

8. Aya ya sentensi moja inaruhusiwa?

Inaruhusiwa kabisa. Hata ya neno moja.

Ila ina nguvu kwa sababu ni adimu. Ukiweka moja baada ya aya mbili tatu nzito msomaji anasimama pale, ndicho ulichotaka. Ukiweka nane kwenye ukurasa mmoja hakuna anayesimama tena. Halafu jiulize hiyo sentensi uliyoipa uwanja wake peke yake inastahili, maana sentensi ya kawaida kama "Mambo yakabadilika" ukiisimamisha peke yake inaonekana kama mtu aliyevaa suti kwenda kuchota maji.

9. Je aya zote zilingane urefu ili ukurasa upendeze?

Hapana, na ukiona zinalingana shtuka. Mambo ya kweli hayana uzito sawa, kuna la kueleza kwa kirefu na kuna la kutaja ukapita, kwahiyo aya zikitoka zote mistari mitano mitano maana yake kuna ulipovuta na kuna ulipominya. Macho ya msomaji yanazoea mwendo ule yanaanza kuteleza. Hata huu ukurasa una jibu la mistari miwili na lingine la nusu skrini, sikupima, ndivyo mambo yalivyokuja.

## Simu, karatasi, imeili

10. Kwa nini aya iliyopendeza kwenye karatasi inaonekana ukuta kwenye simu?

Ni upana tu. Chukua aya ya maneno 120. Neno la Kiswahili pamoja na nafasi yake tuseme ni herufi 6, jumla 720. Karatasi ya A4 yenye mstari wa herufi 80 inakupa mistari 9, aya nzuri tu ya kawaida. Simu yenye mstari wa herufi 40 inakupa 18, na ukijumlisha mtu aliyekuza maandishi ndo imemaliza skrini nzima, haoni aya inaanzia wapi wala inaishia wapi.

Kwahiyo kama unajua wasomaji wako wengi wako kwenye simu, aya ya maneno 40 mpaka 80 inatosha. Magazeti yaligundua hilo kabla simu hazijawazwa, safu zao ni nyembamba ndo maana habari yao inaandikwa kwa aya za sentensi moja au mbili. Kitabu kina nafasi zaidi, wachapaji wengi wanapenda mstari wenye herufi kati ya 45 na 75, hapo hata aya ya maneno 200 inapumua.

Njia rahisi kuliko hesabu zote: jitumie maandishi yako kwenye simu uyasome ukiwa umesimama.

11. Nafuata kipimo nilichokisoma kwenye vitabu vya Kiingereza, maneno 100 mpaka 200 kwa aya. Kinafaa?

Kipunguze. Kiswahili kinabeba mzigo mwingi kwenye neno moja. "Nisingalimwambia" ni neno moja kwetu, Kiingereza kinatumia sita kusema kitu hichohicho. Maneno 150 ya Kiswahili yana maudhui mengi kuliko 150 ya Kiingereza, kwahiyo ukikopa namba yao unaandika aya nzito kuliko walizokusudia wao. Hili naliona sana kwa wanafunzi wa chuo, wanalalamika aya zao fupi, kumbe zimeshiba.

12. Imeili ya kazi au ya kuomba kitu, aya ngapi na urefu gani?

Tatu au nne fupi. Ya kwanza iseme unataka nini, kabisa, hata kabla ya kueleza historia yako. Inayofuata itoe sababu, ya mwisho iseme unategemea nini na lini.

Na chochote ambacho lazima kionekane, tarehe, kiasi, namba ya simu, usikizike katikati ya aya. Nilijifunza kwa aibu. Niliwahi kuiandikia ofisi moja kuomba wanibadilishie tarehe ya usaili, aya moja maneno mia mbili na kitu, nimeeleza safari, nimeeleza ugonjwa, nimeshukuru mara tatu, na tarehe niliyoitaka ipo humo, sentensi ya sita sijui ya saba. Wakanijibu kwa adabu zote: "Ungependa tarehe gani?" Wala hawakuwa wavivu, mimi ndo nilikuwa nimeificha.

13. Na meseji ya WhatsApp?

Ukiandika ndefu sana programu yenyewe inaikata inaweka kitufe cha kusoma zaidi, kwahiyo la muhimu liwe juu. Ruka mstari kati ya mambo mawili tofauti. Na tafadhali usitume aya moja kwa meseji kumi na moja za maneno matatu matatu, simu ya mwenzio inalia kama ving'ora.

## Kila aina na tabia yake

14. Insha na tasnifu?

Hapa aya inaruhusiwa kunenepa maana ina kazi rasmi: kutoa hoja, kuleta ushahidi, kueleza ushahidi huo unathibitisha vipi, na kuunganisha na swali la utafiti. Kitu kinachokosekana mara nyingi ni hicho cha tatu. Mtu anatoa hoja, anaweka nukuu ya msomi, paa, aya mpya. Msimamizi anaandika pembeni "fafanua", na mwanafunzi anafikiri ameambiwa arefushe. Hujaambiwa urefushe, umeambiwa useme ile nukuu inafanya nini hapo. Aya ikizidi ukurasa mzima hata kwenye tasnifu, rudi namba 6.

15. Hadithi yenye mazungumzo, kila anayeongea apate aya yake?

Ndiyo, kila anayeongea akibadilika unaanza aya mpya, hata kama amesema "Hapana" tu. Inamsaidia msomaji kujua nani anaongea bila wewe kuandika "alisema, akajibu, akasema tena". Kitendo cha msemaji kinakaa kwenye aya yake yeye. Angalia:

"Umekula?" Mama aliuliza bila kugeuka.

Juma alivua viatu. "Nimeshiba."

"Sijakuuliza kama umeshiba."

Mstari wa tatu hauna jina na hukupotea. Sasa ukimpeleka Juma na viatu vyake kwenye aya ya Mama, msomaji atadhani "Nimeshiba" kasema Mama.

Nje ya mazungumzo, hadithi ndo sehemu ambayo urefu wa aya unaendesha mwendo. Kukimbizana kunataka aya fupi, mtu aliyekaa peke yake anakumbuka marehemu baba yake anaweza kupewa nusu ukurasa bila kukatwa. Si sheria hiyo, wapo wanaofanya kinyume ikawa tamu, lakini wanajua wanachofanya.

16. Mikataba na maandishi ya sheria mbona yana namba kila aya?

Ili watu waweze kuelekezana. Mtu akisema "aya ya 14" wote wanafungua palepale bila kubishania ukurasa. Huko aya inakuwa na urefu wa sharti moja, maana ukiweka masharti mawili kwenye namba moja kesho watu watagombana ni lipi lilikusudiwa. Kama unaandika kumbukumbu za mkutano au katiba ya kikundi, iga hilo.

17. Hotuba nitakayoisoma mbele ya watu nigaweje?

Gawa kwa pumzi. Aya moja ni kile unachoweza kusema kabla ya kuinua macho kuangalia watu. Andika kwa herufi za saizi kubwa, ruka mstari mpana, na aya isivuke ukurasa, ukifungua karatasi katikati ya hoja unakatika na watu wanaona.

## Kesi ngumu ngumu

18. Nikiweka orodha yenye vitone katikati, sentensi inayofuata ni aya mpya au inaendelea ya zamani?

Inategemea unaendelea kusema kuhusu orodha au umeondoka. Kama unaendelea ("kati ya haya, la tatu ndo gumu") basi kimaana ni aya ileile, usisogeze mstari ndani. Kama umeondoka, ni mpya. Kwa anayeruka mistari badala ya kusogeza ndani hata tofauti haitaonekana, usijisumbue.

19. Nukuu yangu ina aya tatu. Alama za nukuu naweka wapi?

Desturi ya wachapaji wengi: fungua alama mwanzoni mwa kila aya ya nukuu, lakini funga mwisho wa aya ya mwisho tu. Inaonekana kama umesahau kufunga, ndo ilivyo, ni ishara kwamba huyo mtu bado anaongea. Ukiona inakuchanganya toa alama zote, isogeze nukuu nzima ndani pande zote mbili, itajitambulisha yenyewe.

20. Nisogeze mstari wa kwanza ndani au niruke mstari?

Chagua kimoja. Vitabu vya hadithi husogeza ndani, kwenye skrini watu huruka mstari. Ukifanya vyote viwili ni kama kupiga hodi kwenye mlango ulio wazi. Na ukisogeza ndani, aya ya kwanza chini ya kichwa cha habari wachapaji wengi huiacha bila kuisogeza, kichwa chenyewe kimeshasema hapa panaanza.

21. Nikipiga enta mistari inaachana sana, nikipiga shifti na enta inakaa vizuri. Kuna tofauti?

Ipo tena kubwa. Enta inaanza aya mpya, shifti na enta inashusha mstari tu ndani ya aya ileile. Kwa macho zinafanana, kwa kompyuta hazifanani kabisa. Ndo maana mtu akinyoosha maandishi pande zote mbili, ule mstari aliouvunja kwa shifti na enta mara nyingi unavutwa, maneno matatu yanatapakaa upana mzima wa ukurasa. Pia anayesikiliza kwa programu ya kusoma skrini huwa anaruka aya kwa aya, ukiwa na aya moja ndefu iliyojifanya kumi hawezi kuruka.

Umbali kati ya aya urekebishe kwenye mipangilio ya aya, usiupigie enta mbili mbili.

22. Mstari mmoja wa mwisho umebaki peke yake juu ya ukurasa unaofuata. Nifupishe aya?

Kwanza angalia kama ile mipangilio ya kuzuia mstari mpweke imewashwa, programu nyingi za kuandikia zinayo. Kama tatizo bado lipo, punguza maneno mawili matatu, kila aya inayo ya kupunguza. Ila fanya hivyo mwishoni kabisa, ukishamaliza kuhariri, vinginevyo utakata leo na kesho ukiongeza sentensi ukurasa wa pili yote yanahama.

23. Naandika vizuri zaidi bila kufikiria aya. Ni vibaya?

Hata kidogo. Wengi tunaandika hivyo, mwaga yote kwanza, kata kesho ukiwa umepoa. Kitu cha kuepuka ni kutuma kabla ya hiyo kesho.

24. Mbona kuna waandishi maarufu aya zao zinakwenda kurasa kadhaa bila kukatwa?

Wapo, na wanaweza kwa sababu sentensi zao zenyewe zina mikono ya kukushika, kila moja inakukabidhi kwa inayofuata. Aya ikiondolewa, kazi yake lazima ifanywe na kitu kingine, mdundo, marudio, viunganishi. Jaribu: chukua ukurasa wako, futa nafasi zote za aya, mpe mtu asiyekujua asome kwa sauti. Akifika mwisho bila kurudi nyuma hata mara moja, waachie hivyohivyo.

25. Natafsiri. Nibaki na aya za mwandishi au nigawe upya?

Kwenye fasihi baki nazo, urefu wa aya ni sehemu ya sauti yake, na kama kakubana kurasa mbili alitaka ubanwe. Kwenye maelekezo ya dawa, mashine, fomu, gawa upya bila woga maana msomaji anataka kuelewa anywe vidonge vingapi. Katikati ya hizo mbili, makala na ripoti, muulize aliyekupa kazi kabla hujaanza, kwa sababu wengine wanalinganisha tafsiri na asili aya kwa aya, wakikuta asili ina 31 na yako ina 44 wanakurudishia kazi hata kabla ya kusoma.